Nguzo ya Tatu, Upande wa Migori

Siku ya Alhamisi, saa kumi na moja na nusu jioni, Machuki alikuwa amepiga magoti nyuma ya gari la sinema katika uwanja wa soko la Rangwe, akisugua kichwa cha sauti cha mashine kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti. Kichwa chenyewe hakikuzidi ukucha wa kidole gumba, lakini ndicho kilichosoma ule mstari mwembamba wa sumaku uliopakwa ukingoni mwa filamu, na kikiingia vumbi, msimuliaji husikika kana kwamba amejifunika blanketi. Vumbi la Rangwe halina huruma na mtu. Pamba ilitoka na rangi ya kahawia, akaitupa, akachukua nyingine. Mgongo ulikuwa ukimuuma tangu Kendu Bay na hakuwa na mtu wa kumlalamikia, kwa sababu Maurice, dereva wake, naye alikuwa na mgongo wake.

Ulikuwa mwezi wa tatu wa mwaka 1967. Machuki alikuwa na miaka arobaini na minane, na kumi na mmoja kati ya hiyo aliitumia kurekebisha sauti za watu wengine. Mkewe alikaa Isebania, naye alimwona mwisho wa mwezi, akipata lifti. Filamu waliyozunguka nayo msimu ule ilihusu daraja jipya kwenye barabara ya kutoka Homa Bay kwenda Migori. Ilipigwa na wageni kutoka Nairobi, ikaja na maneno ya Kiingereza. Kazi ya kuweka Kiswahili ilikuwa ya Machuki. Bwana Nyarangi, mkubwa wa ofisi yao pale Homa Bay, alimwandikia karatasi tatu. Yeye akabonyeza kitufe chekundu, akazisoma kwenye maikrofoni, na mashine ikayanasa maneno kwenye ule mstari wa sumaku. Kiswahili kilichaguliwa kwa sababu Wajaluo walikielewa nusu, Wakuria nusu na Wakisii nusu, kwa hiyo hakuna aliyeonewa.

Giza liliposhika, Maurice aliwasha jenereta na picha ikaanza kwenye shuka kubwa jeupe. Watu walikaa kwenye nyasi na kwenye magunia. Dakika kumi zilipita salama. Katika dakika ya kumi na moja wakaonekana wanaume wakisukuma wilibaro na kumwaga simiti ndani ya kasha refu la mbao, na sauti ya Machuki mwenyewe ikasema kwenye kipaza sauti kwamba kazi hii ilimalizika bila mtu hata mmoja kuumia.

"Si kweli, fundi," ikasema sauti nyingine. "Mimi ni Walter Obiero, wa hapa Rangwe. Niko ndani ya nguzo ya tatu, upande wa Migori. Simiti ilinifunika Jumamosi, saa nne asubuhi."

Haikuwa sauti ya hasira. Ilikuwa sauti ya mtu anayemsahihisha mwenzake aliyekosea jina la kijiji. Iliendelea kwa sekunde arobaini, muda wote wa picha ya kumwaga simiti, kisha Machuki wa kwenye filamu akarudi na kuanza kueleza habari za pamba ya wakulima itakayopita darajani. Mzee mmoja wa mbele aliomba sauti iongezwe, maana hakusikia ni nguzo ya ngapi. Mama mmoja aliyekuwa na karai la dagaa wa omena akamwambia ni ya tatu.

Fundi wa sauti haamini muujiza wala hagombani nao. Yeye ana orodha yake, na huifuata kutoka juu mpaka chini. Kesho yake, kwenye karakana ya Homa Bay, Machuki alisafisha kichwa cha sauti upya. Akachukua ile koili ya kutoa sumaku, akaipitisha karibu na kichwa, akaiondoa polepole kabla ya kuizima, kwa kuwa ukiizima ingali karibu unaacha sumaku mbaya zaidi ya ile uliyoikuta. Akatazama kipande cha kitambaa kinachobana filamu, kikawa hakijalika. Akagusa kichwa kwa ncha ya bisibisi na kipaza sauti kikanguruma, maana yake kichwa kilikuwa hai. Akabadilisha vali moja, ile chupa ya kioo ya kukuza sauti, iliyokuwa na sura ya kuchoka. Akafunga upya waya wa kwenda ardhini. Kisha akaweka filamu, na katika dakika ya kumi na moja Walter Obiero akasema niko ndani ya nguzo ya tatu.

Akaweka filamu yao nyingine ya msimu ule, ya mbolea. Walter hakuwemo. Akapeleka filamu ya daraja kwenye mashine ya pili, ile ya zamani yenye mguu uliofungwa kwa waya, na Walter akasema. Akageuza swichi ili mashine iache sumaku na isome sauti ya Kiingereza inayosomwa kwa taa, na Mwingereza akasema kwa utulivu kwamba hakuna aliyeumia. Akairudisha kwenye sumaku. Walter akasema.

Kwa hiyo mashine ilikuwa nzima, na hitilafu ilikuwa kwenye filamu. Dawa yake ni kufuta. Machuki alibonyeza kitufe chekundu, akafuta zile sekunde arobaini, akasoma maneno ya Bwana Nyarangi upya kwa sauti nzuri ya asubuhi. Aliporudisha filamu nyuma na kuicheza, sauti yake haikuwepo.

"Nimekwambia si kweli," alisema Walter.

Alifuta mara nne. Mara ya nne Walter alimpa pole kwa kazi. Machuki akaketi juu ya sanduku la vali, akaandika ripoti: *Hitilafu ya sauti, dakika ya kumi na moja. Mtu anazungumza. Mashine nzima.* Maurice aliisoma juu ya bega lake huku akitafuna muwa.

"Mimi namjua huyo," alisema. "Ile kampuni ya daraja ilisema ametoroka kazi, ameingia Tanzania kupitia Sirare. Miaka mbili sasa. Bibi yake iko pale Rangwe, inaitwa Benta. Watu wanasema ni yeye alimfukuza."

"Alimfukuza kwa nini?"

"Kwa mdomo. Watu wakikosa sababu, mdomo ya mwanamke iko karibu."

Machuki aliikunja ripoti. Alikuwa ameyasoma maneno ya karatasi ile kwenye maikrofoni bila kuuliza nani aliwahesabu majeruhi, na sasa aliona aibu, aibu ya kawaida kabisa ya mtu mzima aliyesema uongo mbele ya watu bila kulipwa kwa huo uongo.

Jumatatu walikuwa Asumbi, kwenye uwanja ulio chini ya misheni. Habari haina miguu lakini ilifika kabla ya gari. Watu walizivumilia zile dakika kumi za kwanza kwa adabu, kama wanavyovumilia hotuba ya chifu kabla ya chakula, na simiti ilipoanza kumwagwa wakasogea mbele. Walter aliwasalimu kwa Kijaluo, wakamjibu. Kisha akasema, "Hapana, unga wa kambi ulikuwa na wadudu," na sekunde moja baadaye kijana mmoja akauliza kama kule kazini walikuwa wanakula vizuri. Akasema, "Wanne, na mmoja Mkuria," ndipo mtu mwingine akauliza alikuwa akilala na watu wangapi kwenye hema.

Watu walianza kunung'unika kwamba hivyo si kuzungumza. Machuki alilijua tatizo papo hapo. Kwenye filamu ya sumaku sauti haikai pembeni mwa picha yake. Hukaa fremu ishirini na nane mbele, na kati ya lenzi na kichwa cha sauti filamu hupinda na kufanya kitanzi. Kitanzi kikiwa kifupi, sauti huwahi. Siku ile alikuwa amekifunga kifupi kwa sababu ya kuharakisha. Alizima taa, akaomba radhi, akakipima kitanzi kwa vidole viwili, akarudisha filamu nyuma. Tangu hapo Walter alijibu baada ya kuulizwa, na watu wakaridhika.

Mwanamke mmoja alisimama. Alikuwa na miaka kama thelathini na mitano, amejifunga leso mbili, na watu walimpisha bila kumtazama usoni. Asumbi ndiko kwao. Rangwe alikoolewa walimwita Nyar Asumbi, binti wa Asumbi. Alikuwa ametembea tangu saa nane.

"Walter," alisema Benta, "mimi nilikufukuza?"

"Hapana. Wewe uliniambia nibebe sweta."

"Sasa ilikuwaje?"

"Mbao iliteleza. Nilipiga kelele. Msimamizi alisema simiti itaganda kwenye wilibaro, wamwage tu, watu watahesabiwa jioni."

"Na jioni?"

Sekunde arobaini zikaisha, ikaanza pamba. Machuki alirudisha filamu bila kuombwa. Jioni, alisema Walter, walihesabu, akapungua mmoja, na msimamizi akaandika kwamba mmoja ametoroka. Benta alishukuru, akakaa chini. Filamu ya mbolea haikuonyeshwa siku ile, na hakuna aliyeiulizia.

Ilidhaniwa basi kwamba mambo ya Benta yamenyooka. Machuki mwenyewe alidhani hivyo, akala vizuri siku mbili.

Kwa Wajaluo, mtu akifa ziwani au mbali na mwili usipatikane, watu wake hutafuta tunda la yago, lile refu na zito linaloning'inia kwenye mti wake kama mguu wa ndama. Hulifunga shuka, hulilaza kaburini nyumbani kwa marehemu, na kulililia kama anavyoliliwa mtu. Baada ya hapo mke ni mjane, na kila mtu anajua amsalimu vipi. Lakini haifanywi kwa kubahatisha. Ukizika yago la mtu aliye hai, umemwitia kifo, na hakuna mkono wa ukoo utakaoshika jembe kuchimba kaburi hilo. Ndiyo maana kwa miaka miwili Benta hakuwa mke wala mjane. Barua ya kampuni ilisema mumewe ametoroka. Aliyetoroka yu hai. Aliye hai hazikwi. Kwenye visima wenzake walinyamaza akifika, na kwenye matanga ya wengine alikaa nje ya mstari wa wake na wajane.

Benta alimwendea Okumbo, kaka mkubwa wa Walter, akamwomba aje asikie kwa masikio yake. Alhamisi iliyofuata gari lilirudi Rangwe na Okumbo akaja na kiti chake kutoka nyumbani, na kofia, na fimbo. Alikuwa mtu mkavu asiyependa kelele za soko. Simiti ilipoanza kumwagwa, alikohoa.

"Walter."

"Kaka. Yule ndama mwekundu alizaa?"

"Alizaa. Jike."

"Na ule ukuta wa zizi?"

"Ulianguka wakati wa mvua. Nimeujenga."

Walizungumza habari za mifugo mara sita, yaani filamu ilirudishwa mara sita. Mara ya saba Okumbo aliinua fimbo kumwonyesha Machuki kwamba imetosha. Uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyepata usingizi. Akamgeukia shemeji yake.

"Nimesikia, Nyar Asumbi. Ndugu yangu yuko."

"Yuko ndani ya simiti, jaduong'," alisema Benta, akimwita mzee.

"Yuko. Amesema mwenyewe niko. Mtu anauliza mimi habari ya ng'ombe, mimi namjibu, halafu nirudi nyumbani nichimbe kaburi yake? Nitasema nini kwa wazee?"

"Yeye amekufa."

"Maiti haiulizi ukuta ya zizi." Okumbo alikikunja kiti chake. "Wacha tungoje."

Hakukuwa na ubishi wowote katika ukoo. Wazee walikaa Jumapili baada ya misa, wakakubaliana kwamba anayejibu hazikwi. Tena sasa ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu zamani waliokuwa na shaka walikuwa wengi, na sasa wote walikuwa na hakika. Benta alirudi kukaa nje ya mstari.

Wakati huohuo kampuni ya daraja ilipeleka malalamiko, na Bwana Nyarangi akaitaka filamu. Aliisikiliza ofisini kwake amefungua shingo ya shati, feni ikizunguka, mpaka mwisho wa zile sekunde arobaini.

"Ni kelele," alisema.

"Kelele inaweza kutaja nguzo, bwana?"

"Machuki, mimi nina watoto sita na miaka mitatu kabla ya pensheni. Ni kelele. Futa."

"Nimefuta mara nne. Anarudi."

"Basi ikifika dakika ya kumi na moja, punguza sauti."

Machuki alifanya hivyo Migori, kwenye uwanja ulio karibu na kituo cha mabasi, na watu mia tatu wakapiga kelele kwamba fundi amelala. Akaiongeza. Siku zile kulikuwa na kitu kifuani mwake alichokuwa amekisahau, na ilimchukua muda kukitambua kuwa ni tumaini. Alifikiri kwamba maadamu Walter anazungumza, shahidi yupo. Ipo siku mkubwa fulani mwenye masikio atakaa mbele ya shuka lile. Alichukua kalamu akaandikia ofisi ya juu Kisumu, kurasa mbili, kwa mwandiko wa kuunganisha. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu: filamu yenye hitilafu ya sauti irudishwe na fomu ya matengenezo, nakala nne. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga, na wahenga walikuwa hawajamwona mtu ambaye yupo na bado lake halipo.

Katikati ya mwezi wa nne Benta alifika Homa Bay kwa basi la asubuhi. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, na kwenye kikapu alikuwa na kuku aliyefungwa miguu. Alimkuta Machuki karakanani akipanga rili. Maurice akamletea kibao cha kukalia, akapokea kuku.

"Fundi, nimekuja uniondolee ile sauti."

Machuki alidhani hakusikia vizuri. "Ya Walter?"

"Ndiyo."

"Mama, hiyo ndiyo ushahidi pekee. Ikifutika, ile kampuni imeshinda. Hakuna mtu mwingine atasema."

"Amesema. Amesema Rangwe, amesema Asumbi, amesema Migori. Nani amefanya kitu?"

Machuki aliiweka chini rili aliyoishika.

"Serikali inasema hakufa," Benta aliendelea. Hakuwa analia, alizungumza kama mtu anayeelekeza njia. "Ukoo inasema anaongea, kwa hivyo hakufa. Mimi pekee yangu najua amekufa, na sijamlilia hata siku moja. Nikilia wanasema namwitia kifo. Fundi, miaka mbili nimebeba kilio hapa kama gunia. Nimechoka. Nataka kuitua."

"Hata nikifuta, hatakubali. Nimejaribu."

"Wewe ulimfuta. Mimi nitamwomba."

Machuki alikuwa na maneno mengi ya kusema kuhusu haki, na yote yalikuwa ya kweli, lakini si yeye aliyekaa nje ya mstari kwenye matanga. Alifunga mlango ili jua lisiingie, akaweka filamu, akaipeleka mpaka dakika ya kumi na moja. Mahali pa kuonyeshea palikuwa ukuta uliopakwa chokaa. Wanaume wa wilibaro wakatokea ukutani, wadogo.

"Walter, ni mimi."

"Benta. Uko Homa Bay? Nasikia upepo ya ziwa."

"Nimekuja kwa basi. Watoto wazima. Mkubwa amepita mtihani."

"Wa hesabu pia?"

"Hesabu kidogo."

Kila sekunde arobaini zilipoisha Machuki aliirudisha filamu nyuma kwa mkono, pole pole, mstari wa sumaku usije ukakwaruzika, na wao wakaendelea walipoachia. Alijaribu kutosikiliza. Alisikia habari za paa, za shamba la mtama, za jino lililokuwa likimsumbua Benta na ambalo sasa lilikuwa limeng'olewa. Mara ya tisa au ya kumi, Benta akasema alilokuja kusema. Akamwambia kwamba akiendelea kuzungumza hatazikwa, na asipozikwa, yeye hatapumzika wala hatampumzisha mtu. Akamwambia kwamba Okumbo anampenda, na kwamba ndiyo shida yenyewe.

Ukutani simiti iliendelea kumwagwa.

"Na nguzo?" aliuliza. "Nani atawaambia niko ndani ya nguzo?"

"Hakuna mtu."

"Watu wanapita juu."

"Ndiyo. Wanapita. Jana nimepita."

Pamba ikaanza, Machuki akairudisha. Filamu ilipofika mahali pake, Walter alikuwa amekwisha amua.

"Sawa," alisema. "Fundi, bonyeza sasa. Nimechoka pia."

Machuki alibonyeza kitufe chekundu na taa yake ndogo ikawaka. Alitakiwa asome maneno ya Bwana Nyarangi. Karatasi ilikuwa pale pale juu ya meza. Hakuisoma. Watu watatu walikaa kimya kwa sekunde arobaini mbele ya maikrofoni iliyo wazi, na kuku akiwa wa nne. Kisha akaizungusha nyuma, akacheza. Kilichotoka ni mlio mdogo wa bati likipanuka kwa jua, basi. Benta aliomba asikie tena, akasikia tena, akamwambia asante.

Okumbo aliletwa kusikia kimya hicho. Alikisikiliza palepale Rangwe, kwenye kiti chake, mara tatu. Aliita jina la ndugu yake, akangoja, akaliita kwa jina la utotoni, akangoja. Akamuuliza habari ya ndama. Kisha mtu huyu mkavu akainama mpaka kofia ikaanguka, akalia kwa sauti kubwa katikati ya soko, akisema kwamba aliujua ukweli tangu siku ile ya kwanza ila hakuwa na nguvu za kumzika mdogo wake.

Jumanne walizika yago. Machuki aliomba ruhusa ya nusu siku, akasimama nyuma kabisa kofia mkononi. Tunda lilikuwa kubwa, watu wawili walilishika, na lilifungwa shuka jipya. Benta alilia. Alilia akienda huku na huku uani, akimtaja Walter kwa sifa zake zote, sweta na yote, na wanawake wa Rangwe wakamfuata nyuma wakipokea kilio chake, wale wale walionyamaza kisimani. Aliendelea mpaka sauti ikakatika, na hata hapo midomo yake iliendelea. Machuki hakuwahi kusikia kitu kilichonyooka namna ile.

Kazini mambo yalitulia. Filamu ilizunguka msimu mzima, na ilipofika pale pa simiti watu walikikuta kimya, wakanyamaza nacho. Bwana Nyarangi alisema kimya ni nafuu, akamtaka Machuki aandike ripoti ya kumaliza jambo hilo. Machuki aliandika kwamba hitilafu ya sauti imerekebishwa, akatia sahihi, kwa kuwa fomu haikuwa na nafasi ya kuandika kingine.

Mwezi wa tano Benta alimtumia ujumbe kupitia kwa Maurice. Alitaka jina la mumewe libadilishwe kwenye daftari la wafanyakazi wa daraja, lililokuwa limewekwa katika ofisi moja ya serikali pale Homa Bay. Hakutaka kitu kingine. Alitaka neno *alitoroka* likatwe na liandikwe *alifariki*, ili watoto wakija kusoma wasome hivyo. Machuki alikwenda naye kama shahidi. Karani aliitwa Mayaka, mtu wa miwani, mpole, na aliwapa viti.

Alilipata jina haraka. Obiero, Walter. Alitoroka kazi, anadhaniwa yuko Tanzania.

"Uthibitisho wa kifo, mama?"

"Alisema mwenyewe," alijibu Benta. "Kwenye sinema."

"Ndiyo, nilisikia habari hiyo. Shemeji yangu alikuwa Asumbi siku ile." Mayaka hakuwa anamdhihaki. "Hiyo sauti iko wapi?"

"Tuliifuta. Ndio tuweze kumzika."

Karani aliitikia kwa kichwa, kwani sababu ilikuwa nzuri. Akamtazama Machuki, na Machuki akaanza kueleza, kwa utaratibu, jinsi alivyosafisha kichwa, jinsi alivyobadilisha mashine, jinsi Walter alivyosema maneno yale yale kwenye mashine zote mbili. Mayaka alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua faili nyembamba, akatoa karatasi mbili zilizotoka kwa Bwana Nyarangi.

"Hizi ni zako, mzee? Hii inasema ni hitilafu. Na hii inasema imerekebishwa."

"Ni zangu."

"Na sahihi?"

"Ni yangu."

"Basi mimi nimefungwa mikono. Kaburi lina nini, mama?"

"Yago."

Mayaka alivua miwani na kuinamisha kichwa kidogo, kama inavyopasa. Yeye alikuwa Mkisii lakini alikuwa amekaa na Wajaluo miaka mingi. Alikaa hivyo kwa muda wa kutosha, kisha akaivaa tena.

"Pole sana. Tunda siwezi kuliandika." Alichovya kalamu, akaangalia mstari wa Walter kwa mara nyingine, akauacha ulivyo. "Tufanye hivi. Akirudi kutoka huko Tanzania, mwambie apite hapa, tufunge faili yake."

Benta alifunga leso yake vizuri kichwani.

"Nitamwambia," alisema.

Mayaka alimshukuru, akalifunika daftari, akamwita aliyefuata kwenye mstari.